Kutoka kwenye fegi kwenda vepu bila kuzidi kukiumiza kifua: mwongozo kwa wavutaji wa Tabora

Hii naandika kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta fegi, yaani sigara, iwe za paketi, iwe moja moja za kununua dukani, au ule msokoto wa tumbaku ya shambani kwenye karatasi ya gazeti ambao wazee wetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wameuvuta miaka na miaka, na sasa kifua kimeanza kusumbua, ukitembea haraka kidogo unahema, asubuhi unakohoa mpaka machozi yanatoka, na umesikia kuna vepu, ile sigara ya umeme, inasaidia. Kama huvuti kitu chochote basi usianze, kwako haina faida hata moja. Na kama una miaka chini ya 18 pia usianze, ubongo bado unakua na nikotini inaushika haraka kuliko wa mtu mzima.

Jambo kubwa nalisema mapema. Kuhama kunayasaidia mapafu pale tu unapohama mazima. Ukiwa unavuta fegi asubuhi, vepu mchana ukiwa kazini, afu jioni kijiweni fegi tena, mapafu yako hayajapata nafuu ya maana, umeongeza tu matumizi ya hela na nikotini. Watu wengi wanaishia hapo katikati na wanaamini wamejiokoa, na hilo ndo linaloniuma mpaka nikakaa kuandika.

Kinachoumiza ni nini hasa

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Nyingi zinazaliwa pale jani linapoungua. Kuna lami, ule unato wa kahawia unaouona kwenye vidole na kwenye kishungi, huo huo unabaki kwenye mapafu. Kuna kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani milango imefungwa, inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu kwaiyo moyo unafanya kazi ya ziada kila saa. Na ndani ya njia za hewa kuna vijinywele vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na makohozi kwenda juu, moshi unavilemaza, ndo maana mvutaji anakohoa kila asubuhi, mwili unajaribu kufanya kwa nguvu kazi ambayo vijinywele vimeshindwa kuifanya usiku.

Nikotini yenyewe ni jambo lingine. Ndo inayokufunga, ndo inayokuamsha alfajiri unapapasa kiberiti, ila sio yenyewe inayoleta sehemu kubwa ya saratani ya mapafu. Hapo watu wanakosea pande zote mbili, kuna anayedhani nikotini ndo saratani, kuna anayedhani haina neno kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kuchuma tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande anaujua ukweli: mikono inalowa, nguo zinalowa, ikifika saa nne kichwa kinazunguka, jasho la baridi, unatapika, unaenda kulala chini ya mwembe. Ile ni nikotini imepita kwenye ngozi tu, hujavuta hata mara moja. Inapandisha mapigo ya moyo na presha, na mjamzito haimfai, wala mtoto.

Sasa vepu inafanyaje kazi: betri inapasha koili, ambayo ni kiwaya kidogo kimegusana na pamba iliyolowa likwidi, likwidi inageuka mvuke unauvuta. Likwidi ni propilini glikoli, gliserini, flava na nikotini. Hakuna kinachoungua kama koili ipo sawa, kwaiyo lami hakuna na kaboni monoksaidi karibu hakuna. Hapo ndo faida yote ilipo. Ila mvuke sio hewa safi, propilini glikoli inakausha koo, flava nyingine zinawasha njia za hewa, na mtu mwenye pumu anaweza kusikia kifua kinapiga miluzi zaidi. Vepu hizi zimeanza kuuzwa miaka ya 2000 na kitu huko China, hakuna mtu duniani aliyezivuta miaka arobaini tukamuangalia mapafu, kwaiyo akikuambia mtu ni salama kabisa huyo anataka kukuuzia.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana na ni vizuri ulijue hilo. Uingereza wanaiona kama njia ya kumtoa mtu kwenye sigara, kuna utafiti wa huko uliotoka 2019 uliohusisha watu 886, waliopewa vepu asilimia 18 walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, na waliopewa vitu kama plasta na bigijii za nikotini ni asilimia 9.9. Ni karibu mara mbili. Lakini humo humo, kati ya wale walioacha kwa kutumia vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta hiyo vepu mwaka ulipoisha. Shirika la Afya Duniani lenyewe haliipendekezi kama njia ya kuacha, mwongozo wao wa 2024 unataja dawa kama vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na hizo plasta na bigijii, na mtu wa kukupa ushauri. Mimi msimamo wangu ni huu: kama unaweza kuacha moja kwa moja au kwa dawa, anza na hiyo. Kama umejaribu ukashindwa na unavuta paketi kila siku, vepu kwa mpango ni afadhali kuliko kuendelea na moshi.

Kabla hujanunua kitu, pima kifua

Hii usiiruke. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, homa za jioni, makohozi yenye damu, nenda kapime TB kwanza, iwe hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu na wewe, vipimo na dawa za TB vituo vya serikali ni bure. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB karibu mara mbili ya asiyevuta, na mchimbaji mdogo wa Nzega anayekula vumbi la mawe kila siku afu anavuta juu yake hatari ni kubwa zaidi. Shida ya kuhamia vepu bila kupima ni kwamba flava ya mentho inapoza koo unajisikia umepona, kumbe ugonjwa unaendelea chini chini na unawaambukiza wa nyumbani.

Ukifika hospitali mwambie daktari dawa zote unazotumia. Hapa kuna kitu wengi hawaambiwi: moshi wa sigara unalifanya ini liondoe baadhi ya dawa haraka, na inayofanya hivyo ni lami, sio nikotini. Kwaiyo siku unahama kutoka fegi kwenda vepu, dawa zile zinaanza kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kama unameza aminofilini au theofilini kwa ajili ya pumu, dozi uliyozoea inaweza kugeuka kubwa mno, moyo unaenda mbio, unatapika, unatetemeka, hata degedege. Dawa za akili kama klozapini na olanzapini vile vile. Usipunguze mwenyewe, mwambie daktari aliyekuandikia kwamba unaacha moshi, aangalie dozi.

Na kahawa nayo imo humo humo. Mtu wa vijiwe vya kahawa pale Ng'ambo au Isevya aliyezoea vikombe vyake jioni na kashata, akiacha moshi ile kafeini, kichangamshi cha kwenye kahawa, inakaa mwilini karibu mara mbili ya zamani, usiku halali, anatetemeka, ana hasira, afu anasema vepu haimfai anarudi kwenye fegi. Kumbe ni kahawa. Punguza vikombe viwe nusu kwa wiki ile unayohama.

Ujue kiwango chako

Jiulize swali moja, ukiamka unavuta baada ya muda gani? Kama ni ndani ya nusu saa, umeshikwa sana, na likwidi ya kiwango kidogo haitakutosha, utavuta siku nzima hujaridhika na jioni utakuwa unaomba fegi kwa jirani. Anayevuta paketi ya ishirini kwa siku mara nyingi anaanzia kwenye miligramu 18 au 20 za nikotini kwa kila mililita, anayevuta chache anaanzia 6 hadi 12. Kwenye boksi huwa imeandikwa hivyo au kwa asilimia, asilimia 2 ni sawa na 20. Ukikuta asilimia 5 hiyo ni 50, Ulaya hairuhusiwi kuuzwa maana mwisho wao ni 20, na mimi simshauri mtu aanze nayo, inakufunga kuliko ulivyokuwa.

Unayetumia ugoro pia, hesabu ugoro kama nikotini. Huwezi kuweka ugoro mdomoni afu unavuta vepu ya 20 ukategemea moyo utulie.

Kununua

Nyingi zinazoonekana mitaani kwetu ni zile za kuvuta zikiisha unatupa, zenye rangi rangi na flava za matunda. Sizipendi kwa kazi hii. Huwezi kupunguza kiwango taratibu, nyingi ni za nikotini kali, na maboksi mengine hayasemi kilichomo. Bora ile ya kujaza mwenyewe, ina chaji, ina koili ya kubadilisha, na likwidi unanunua chupa yenye lebo inayoeleza kiwango, viambato na tarehe ya kuisha. Likwidi ya kumiminiwa kwenye kichupa kisicho na lebo usiguse, hata kama anayeuza ni rafiki yako.

Na likwidi yoyote yenye mafuta ya bangi usiisogelee. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa mapafu yamevimba hawawezi kuhema, mpaka Februari 2020 walifika zaidi ya 2,800 na waliokufa 68, na uchunguzi ulionyesha kwa sehemu kubwa ni likwidi za bangi za mtaani zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E. Mafuta ukiyameza tumboni ni chakula, ukiyavuta kwenye mapafu ni balaa. Kwaiyo na wale wanaojitengenezea likwidi kwa mafuta yoyote ya jikoni au ya kupaka, waache kabisa. Flava za siagi siagi na krimu nazo ziepuke, baadhi zina diasetili ambayo iliwaharibu mapafu wafanyakazi wa viwanda vya bisi kule Marekani.

Kabla ya kulipa fikiria pia upatikanaji. Kama unaishi kijijini ndani kabisa na likwidi lazima itoke Tabora mjini au Dar kwa mtu wa kukutumia kwenye basi, siku itakayochelewa utarudi kwenye msokoto, maana msokoto upo nyuma ya nyumba. Mtu wa namna hiyo kwa maoni yangu aache moja kwa moja, vepu asiiingize kwenye maisha yake.

Kuvuta kwenyewe

Bamdogo wangu amefanya kazi za tumbaku maisha yake yote, usiku wa kukausha analala pembeni ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anachochea kuni mpaka asubuhi. Alipoletewa vepu aliivuta kama msokoto, haraka haraka, mashavu yanabonyea, mara tatu nne mfululizo bila kupumzika. Ikaanza kutoa mlio wa kukwaruza, afu ladha ya kitambaa kilichoungua, akakohoa mpaka akashika ukuta. Akasema hii kitu ni sumu. Vepu yenyewe haikuwa na kasoro, namna ya kuvuta ndo ilikuwa sio yenyewe.

Ile pamba kwenye koili ni kama utambi wa kibatari, mafuta yakiwa hayajapanda, utambi unaanza kuungua wenyewe. Ukibadilisha koili, jaza likwidi, afu subiri dakika kumi mpaka pamba ilowe vizuri. Unavuta polepole, sekunde tatu hadi nne, mvuke ukae mdomoni kwanza afu ndo uushushe kifuani, toa, pumzika nusu dakika ndo urudie. Siku za mwanzo utakohoa kidogo, hiyo ni kawaida, koo halijazoea. Ukisikia ladha ya kuungua acha hapo hapo, usijikaze, maana pamba na likwidi vikiungua vinatoa fomaldehaidi na takataka nyingine, yaani umerudi kwenye kuvuta vitu vilivyoungua. Koili inabadilishwa kila baada ya wiki moja hadi mbili kutegemea unavyovuta. Kunywa maji mengi, mdomo utakauka.

Siku ya kuhama

Panga siku, mwambie mkeo au mumeo, na mtu mmoja wa kijiweni. Siku hiyo fegi zote, kiberiti, sahani ya majivu, mfuko wa tumbaku, vyote vitoke nyumbani. Usiweke moja ya akiba. Kuna watu wanasema nitabakiza moja tu baada ya chakula, lakini hiyo moja sio ndogo kama unavyodhani, tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa 2018 zilionyesha anayevuta fegi moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta ishirini. Nusu nzima, kwa fegi moja.

Arosto, yaani mateso ya kukosa ulichozoea, itakuja hata ukiwa na vepu, kwa sababu fegi inapeleka nikotini kichwani haraka zaidi. Siku mbili tatu za kwanza ndo mbaya, hasira, usingizi wa shida, njaa. Kila wimbi la hamu linapita ndani ya dakika tano hivi, kazi yako ni kuzivuka hizo dakika. Hapa kwetu tuna kitu kizuri sana, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Weka mfukoni, kipande kimoja kinatafunwa muda mrefu, mdomo una kazi, mikono ina kazi, na tumbo halilii. Karanga sawa ila utanenepa. Kijiwe cha wavutaji kikae pembeni wiki mbili za kwanza, na pombe pia, maana watu wengi wanarudi kwenye fegi wakiwa na chupa mkononi. Shisha usijidanganye kwamba ni afadhali, kule kuna mkaa unaungua juu yake, na serikali ilishaipiga marufuku tangu 2016.

Kifua kitabadilikaje

Ndani ya siku moja bila moshi kaboni monoksaidi inashuka kwenye damu. Kati ya wiki mbili na miezi mitatu mapafu yanaanza kufanya kazi vizuri zaidi, ukipanda baiskeli kutoka Ipuli kwenda mjini unaanza kuona tofauti. Kikohozi na kuhema vinapungua taratibu mpaka miezi tisa hivi ipite. Aliyehamia vepu anaipata ile ya kaboni monoksaidi kama aliyeacha kabisa, ila kwenye kikohozi nafuu yake inaweza kuwa ndogo zaidi kwa sababu mvuke bado unawasha.

Jiandae na hili: wiki za kwanza baadhi ya watu wanakohoa ZAIDI, na makohozi yana weusi weusi au kahawia. Vile vijinywele vimeamka vinafagia. Bamdogo alishtuka akataka kurudi kwenye msokoto akidhani vepu inamuua. Kama hakuna homa wala damu, vumilia, kunywa maji, itapungua. Kile ambacho hakirudi ni vile vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika kwa moshi wa miaka mingi, hivyo havioti upya, ila ukiacha moshi uharibifu unapunguza mwendo, na kwa mtu wa miaka 55 hiyo ni tofauti ya kutembea mwenyewe au kukaa kitini.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kifua kinabana hakiachii, unahema ukiwa umekaa, unakohoa damu, una homa pamoja na kuhema, au midomo inageuka bluu. Mwambie daktari wazi kwamba unavuta vepu na unavuta nini ndani yake, hata kama ni bangi, hayupo pale kukukamata, anahitaji kujua atibu nini.

Na usisahau moshi mwingine. Kama unalala bani, kaa upande upepo unapotokea na sio unapoelekea, na jikoni kwa kuni fungua dirisha. Kumtoa fegi mtu ambaye bado anakula moshi wa kuni masaa nane ni kuifanya kazi nusu.

Vitu vya nyumbani

Chupa ya likwidi iwekwe juu, imefungwa, mbali na watoto. Ina harufu ya embe au pipi na mtoto ataiona juisi, kiasi kidogo kinaweza kumuua. Ikimwagika kwenye ngozi osha mara moja kwa maji na sabuni. Betri ichajiwe kwa chaja yake, mchana ukiwa unaiona, usiiache usiku juu ya godoro, na umeme ukikatika chomoa kwanza maana unaporudi unarudi na nguvu. Usiiache kwenye bodaboda juani.

Kuitoka na vepu yenyewe

Usianze safari hii bila kujua unaishia wapi, la sivyo utakuwa kati ya wale asilimia 80. Kaa kwenye kiwango chako miezi miwili mitatu mpaka fegi isikuite tena, hata ukikaa na wanaovuta. Afu shuka, kutoka 20 kwenda 12, ukizoea shuka 6, kisha 3. Ukishuka ukaona unavuta mara nyingi kuliko zamani, umeshuka mapema, rudi hatua moja usikilizie. Wakati huo huo iondoe sehemu moja moja, kwanza chumbani, afu kazini, mwisho kijiweni. Ikifika 3 au 0, wengi wanaisahau nyumbani siku nzima bila kujali, hapo acha.

Ukiteleza ukavuta fegi msibani au harusini, usiseme basi imeshindikana. Itupe hiyo paketi usiku huo huo, kesho asubuhi rudi kwenye vepu kwa kiwango kile kilichokuwa kinakutosha, na angalia nini kilikuponza, mara nyingi utakuta chaji ilikuwa imeisha au likwidi hukubeba. Kwaiyo ukienda shughuli ya kulala huko huko, beba koili ya akiba na chupa iliyojaa.